Kulaza Mawaridi

Koleo nimelirudisha stoo likiwa safi, na aliyelipokea akaniambia, "Mama Godi, andika basi mlivyokuwa mkifanya. Ukiondoka wewe nani atatuambia?" Nikacheka. Miaka tisa mmekuwa mkiniomba niache kuwaambia. Haya, kwa kuwa sasa mmetaka wenyewe, kaeni vizuri. Habari za vyeo sina. Nilianza nikiwa mtu wa koleo na nimestaafu nikiwa mtu wa koleo. Mshahara hatuutaji, mnaujua. Nitawaeleza mawaridi, kwa sababu kwenye mawaridi ndiko nilikoona mambo yaliyonifunga mdomo, na nyie mnajua mdomo wangu haufungiki kirahisi.

Kabla ya Minnesota nilikuwa bibi shamba kule Machame. Kazi yangu ilikuwa kahawa: kupita kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila ukoo, nikiwaambia watu pogoa hapa, weka samadi pale, na kugombana na wazee waliojua kahawa kabla sijazaliwa. Mlima tulikuwa tunauona tukifungua dirisha. Kwa hiyo theluji naijua tangu utoto, lakini nilikuwa naijua kama unavyomjua mkuu wa wilaya: yupo kule juu, unamwona kwa mbali, hamjawahi kukaa sebule moja. Mume wangu alipofariki, mwanangu Godlisten, ambaye alisoma huku akabaki huku, akaniita nije nimsaidie kulea. Nikalea. Wajukuu wakaenda shule, nyumba ikabaki kimya, na mimi kukaa siwezi. Kwetu mwanamke aliyekaa mchana ni mgonjwa au ana mgeni. Vuli ya mwaka 2010 nikapata kazi kwenye kitalu kile mnachokijua, nje kidogo ya Hopkins, nilikofika kwa basi na kipande cha kutembea.

Siku ya kwanza walinikabidhi kwa Arvid. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mzee mrefu, wa kizazi cha Wanorwe waliohamia huku zamani, mtu ambaye kwa saa nzima angeweza kusema maneno matatu, na mawili kati ya hayo ni "sawa, sawa." Alinipeleka kwenye safu za mawaridi mbele ya duka. Mengine yalikuwa bado na vitumba. Akatoa kamba mfukoni, akaanza kuyafunga matawi pamoja, taratibu, kama mama anavyomfunga mtoto kanga ili asijikune. Nikainusa ile kamba. Katani! Nikiwa nimesimama mwisho wa dunia, nimevaa soksi mbilimbili, mkononi mwangu kuna katani, pengine imetoka Tanga. Nikajisikia nimepata ndugu.

Halafu Arvid akachimba mtaro wenye urefu wa kichaka chenyewe. Akachukua uma wa kulimia, akalegeza udongo upande mmoja wa mizizi, akaweka buti lake chini kabisa ya shina na kulisukuma. Waridi likainama, likalala kwenye mtaro, zima, na vitumba vyake. Akaanza kulifukia.

"Unafanya nini?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha bibi shamba.

"Nalilaza," akasema.

Sisi Wachaga tunazika watu wetu kihambani, hatua chache kutoka jikoni, kwa hiyo kaburi bustanini halinishtui. Kilichonishtua ni kumzika aliye mzima. Nikasimama pale na koleo langu nikimtazama mzee wa watu anafukia maua, na moyoni nikasema, hapa Godi kanileta kwa wendawazimu. Lakini kazi mbaya si mchezo mwema. Nikafukia. Udongo kwanza, kisha majani makavu juu, tele. Na hapa niwaseme kidogo, maana mnaharakisha: kinachopinda ni mzizi. Ukilipinda shina linavunjika, na Aprili utafukua kuni. Legezeni upande mmoja kwanza, subirini, sukumeni kidogo, subirini tena. Arvid alikuwa akiweka mkono kwenye shina na kusikiliza. Mimi nilidhani anasali.

Kisha ikaja baridi. Sitaieleza, mnaijua. Nitasema tu jioni moja ya Desemba, kabla hatujafunga kwa msimu, Arvid alinipitisha kwa gari lake kwenye ziwa. Akazima injini. "Sikiliza," akasema. Ziwa lote lilikuwa limeganda, jeupe, hakuna hata ndege. Nikasikia sauti inatoka chini, ndefu, inapita kutoka ng'ambo hadi miguuni petu, mara kama ngoma kubwa, mara kama mtu anageuka kitandani. Nikamshika mzee mkono bila kujua. "Ee Ruwa, Mungu wangu," nikasema, "kuna nini humo?" Akasema barafu inaongezeka unene, inajinyoosha. Akasema samaki wako chini yake, hai, wamepunguza mwendo. Nimeishi miaka sitini, nimesali makanisa mengi, lakini nilijisikia mdogo zaidi pale kuliko popote.

Aprili tukafukua. Arvid akaniachia waridi la kwanza, lile nililolifukia kwa mikono yangu. Likatoka jeusi, limejaa udongo, linanuka kaburi. Nikatikisa kichwa. Arvid akanipa ishara: kwangua gome kwa ukucha. Nikakwangua. Ndani palikuwa na kijani kibichi, cha kung'aa, kama ganda la ndizi mbichi.

Nilipiga kelele mpaka watu wa dukani wakatoka nje. Sioni haya kuwaambia. Mtu wa kahawa, mtu wa nchi ambayo mgomba unazaa mwaka mzima na hakuna kinacholala ila mlevi, nimekaa miezi mitano nikipita juu ya theluji nikijua chini kuna maiti, kumbe chini kuna watu wamelala!

Mwaka uliofuata akaja Otieno, Mkenya, mwanafunzi wa chuo kimoja hapa mjini, aliyefanya kazi Jumamosi. Yeye alipoona mtaro alivua kofia. "Mathe, hii ni kazi ama ni matanga? Marehemu ni nani?" Nikamwambia marehemu atakuwa yeye asiposhika koleo. Alikuwa kijana wa utani, lakini mikono yake ilikuwa mizuri. Hakuwahi kuvunja shina.

Vuli ya 2012 akaja Mapendo. Nyie mnamjua Mapendo kama bosi wa timu, anayewapigia simu alfajiri. Mimi namjua akiwa mwanamke mwembamba, ametoka Kongo, Kivu ya Kusini, miaka mingi kambini, ameletwa Minnesota pamoja na mumewe Byamungu na kijana wao Amani. Walipewa nyumba kwenye jengo letu la Hopkins, juu yetu kabisa, dari letu ndilo sakafu yao. Katika maisha yangu sijaona mtu wa kazi kama yule. Alichimba mitaro ya watu watatu. Saa ya chakula alikula amesimama. Lakini tulipofika kwenye kufukia akaweka koleo chini.

"Mama Godi, miye sitafunika hii. Iko inaishi."

"Ni kulala tu, mwanangu. Aprili tunayaamsha."

"Nilishafunika wengi. Hakuna aliyeamka."

Nikafukia safu yake na yangu. Otieno aliyekuwa na utani wa kila kitu siku hiyo hakuwa nao.

Basi Machi, tumerudi kazini kuandaa miche ndani ya mahema ya plastiki, likatoka jua la uongo. Mnalijua lile jua, siku mbili tatu theluji inayeyuka, watu wanatembea na kaptura. Mapendo hakuvumilia. Wakati wa mapumziko alikwenda peke yake akafukua safu nzima kwa mikono. Alipoona kijani alilia, akatuita, akawa anayapangusa udongo kwa kitambaa chake cha kichwa. Nani angemgombeza? Arvid alitazama tu mbinguni. Wiki haikuisha, baridi ikarudi na meno yake. Safu ile haikupona hata shina moja.

"Baridi imeyaua," Mapendo akasema.

Arvid akachuchumaa karibu naye, akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. "Yaliyobaki chini yapo kwenye baridi hiyohiyo. Haya yamekufa kwa kuamshwa." Kisha akamletea kichaka kingine, mali yake mwenyewe kutoka nyumbani kwake, akamwambia akipande pale na vuli akilaze. Mapendo alikipanda. Vuli ilipofika alikuwa mjamzito, tumbo liko mbele, akashika koleo akafukia kile kimoja, ameuma meno. Hayo mengine akatuachia.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Neema, mtoto wa Mapendo, alizaliwa Januari ya 2014, baridi ile ambayo shule zilifungwa na mlango wa jengo letu ukaganda ukakataa kufunguka. Hospitali walimtoa mama yake baada ya siku mbili, wakampa nepi na pongezi. Kitalu kimefungwa kwa msimu, sisi sote tuko nyumbani. Nikamngojea apande kitandani. Kwetu mzazi anakaa uzazi: halimi, hafagii, hashiki kuni, anakula mtori na nyama, anaangaliwa kama mayai. Najua na Wakongo wanajua. Hakuna kabila kwetu lisilojua kwamba mwanamke aliyejifungua amefika mlangoni kwa kifo na kurudi, na mtu aliyetoka huko analazwa. Lakini mama yake Mapendo yuko kambini. Dada hana. Byamungu anapakia mizigo uwanja wa ndege, anapita Richfield alfajiri na kurudi giza limeshaingia, mtu mwema kabisa ila uji tu unamshinda.

Nikawa nasikia nyayo darini. Asubuhi nyayo. Mchana nyayo. Anafagia, anasonga ugali, anafua, anavuta meza. Nikapanda kumwambia lala. Akanikaribisha, akanipa kiti, yeye akasimama. Akaniambia wiki ijayo anaanza kusafisha ofisi, kuna dada wa kanisani amemtafutia nafasi. "Wewe una wazimu," nikamwambia. "Huku hakuna wa kulala, Mama," akasema. "Unaona nani amelala?" Na kweli, nikitazama dirishani kila mtu anaparua kioo cha gari, anakimbilia basi. Jina la kupumzika huku wanalitaja kama jina la ugonjwa.

Siku ya pili yake niko jikoni, nasikia nyayo, nyayo, nyayo, halafu kishindo. Halafu kimya.

Sijui nilivyopanda zile ngazi kwa goti langu hili. Nilimkuta chini, sufuria pembeni, maharage yametapakaa, damu imepita kanga. Mtoto analia kwenye kochi. Walimrudisha hospitali kwa siku chache. Daktari akawaambia wazi, yeye na Byamungu: damu imepungua sana, maziwa yanakauka, mwili hauna akiba. Asipolala, ataanguka tena, na safari hiyo huenda asiinuke. Byamungu, mtu mzima mwenye ndevu, akanitazama, macho yamejaa machozi. "Mama, mimi ananisikia kwa kila kitu," akasema. "Hili hanisikii."

Alipotolewa nikapika mtori. Ndizi ni za Guatemala, nyama ya mifupa nimeinunua kwenye bucha la Wasomali, vitunguu, nikaponda mpaka ukalainika. Nikampelekea. Akaupokea akaula. Amesimama! Ameegemea ukuta, miguu inatetemeka, anakula huku anautazama mlango.

Nikakasirika, nisiseme uongo. Nikataka kumshika mabega nimkalishe. Lakini nikakumbuka shina, nikajizuia, nikasema polepole, "Mapendo, mwanangu, unaogopa nini?"

Akamaliza kwanza bakuli. Kisha akaniambia, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Amani alimzaa njiani, wakikimbia kwenda ziwani kuvuka. Alimzaa alfajiri kichakani, na jua halijachomoza mama yake alikuwa ameshamshika makwapa: simama, mwanangu, simama. Akatembea. Dada yake aliyemfuata alikuwa na homa. Dada akasema, miye nitalala kidogo tu, nitawafuata. Wakamlaza chini ya mti, wakamfunika kanga. "Tulisikia risasi huko nyuma. Hatukumuona tena," akasema. "Mama Godi, miye nikilala ninasikia watu wanaondoka."

Nilikaa pale na kijiko mkononi. Mimi niliyekuwa naenda kumfundisha kulala! Ndipo nikaelewa lile jua la Machi, na kitambaa cha kichwa, na ule udongo aliokataa kuumwaga.

"Mlangoni siku ile alikuwepo nani?" nikamuuliza.

"Mlango gani, Mama? Ilikuwa njiani."

"Basi leo mlango upo."

Nikainuka. Nyumba zetu mnazijua, hakuna anayepita na viatu. Buti zote zinapangwa kwenye sinia la plastiki mlangoni zitoe maji. Nikachukua buti zangu kwenye sinia, nikazivaa, nikazifunga kamba. Nikavaa koti, nikafunga zipu hadi kidevuni. Nikavuta kiti nikakiegemeza mlangoni, nikakaa.

"Nimevaa viatu," nikamwambia. "Funguo za gari la Godi ziko mfukoni. Likija lolote, wa kwanza kubebwa ni wewe, na mtoto mgongoni kwangu. Hakuna anayeondoka hapa. Lala."

Alizitazama buti zangu, akavaa viatu vyake naye. Akaenda kitandani, akalala navyo miguuni, macho wazi, mtoto kifuani. Hakusinzia hata kidogo. Lakini alikuwa amelala chini, na mimi sikuondoka pale hadi Byamungu aliporudi, naye nikampa maelekezo: kaa hapa, na viatu. Akaona kama namtania, lakini alikaa.

Peke yetu tusingeweza. Nikapiga simu. Dada wa kanisani kwake wakaja kwa zamu, na yule wa kazi ya ofisi nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Otieno akaja na vitabu vyake siku ambazo hakuwa na darasa. "Mathe, yaani job yangu ni ku-sit tu?" Nikamwambia ndiyo, na ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kumpa, avae viatu. Alicheka, kisha nikamweleza sababu. Alizifunga kamba zake kimyakimya.

Na Arvid. Arvid nilimweleza kwenye simu kwa maneno machache, maana yeye ndivyo anavyoelewa. Asubuhi akaja, amepaki gari lake la mizigo nje, ana kofia yenye masikio. Mtu wa Minnesota kumwambia aingie kwa watu na buti ni kama kumwambia atukane mchungaji. Alisimama pale kwenye kapeti, maji yanamtiririka, uso mwekundu kwa aibu. Nikamwonyesha kiti. Akakaa, magoti yamepanda juu, akafungua kitabu chake cha picha za mbegu. Mapendo alimtazama kutoka kitandani. Alikuwa hajawahi kumwona Arvid amekaa kitini, wala mimi sikuwahi. Jioni akitoka aliniambia mlangoni, "Waridi halijilazi lenyewe." Akaenda zake.

Siku zikapita hivyo. Mapendo alivua kiatu kimoja, akabaki na kingine. Mtori ukaisha, nikapika mwingine. Maziwa yakaanza kurudi. Nikawa nateremka kwangu kupumzisha goti, nasikia nyayo darini, chache, za zamu, na za kwake nazijua, bado anaamka kuchungulia dirishani kama tupo.

Ilikuwa zamu ya Otieno. Mchana, theluji inaanguka nene, ile isiyo na upepo. Niko jikoni namenya ndizi. Nikagundua juu hakuna sauti. Nikasubiri. Hakuna nyayo, hakuna kiti, hakuna mtoto. Kisu kikanidondoka. Nilishausikia ule ukimya mara moja, nikajua umekuja tena.

Nikapanda ngazi. Mlango umerudishiwa tu. Nikausukuma. Otieno yuko kwenye kiti, buti miguuni, koti limefungwa, kitabu hakijafunguliwa, na machozi yanamtoka yule mtu wa utani. Akaweka kidole mdomoni. Akanong'ona, "Mathe. Amelala."

Nikatazama chini. Kwenye sinia la plastiki, katikati ya buti za nyumba ile, kulikuwa na viatu vya Mapendo, jozi nzima, amevipanga vizuri. Nikasogea hadi mlango wa chumba. Amelala kwa ubavu, mdomo wazi kidogo, mkono umelegea, mtoto naye amelala, pumzi zao zinapishana. Nje dirishani theluji inashuka, inashuka, na barabara nzima ya Hopkins imenyamaza. Nimeona mlima wetu alfajiri, nimesikia ziwa likijinyoosha. Lakini mwanamke yule, baada ya miaka yote ile, ameweka viatu mlangoni na kulala! Nilitaka kupiga magoti, goti likakataa, nikaegemea ukuta nikamshukuru Mungu hivyohivyo.

Alilala mpaka jioni. Akaamka akala ameketi.

Sasa, kuna desturi bibi yangu alinisimulia, ya Wachaga wa zamani. Mzazi akimaliza miezi yake ya uzazi hatoki kimyakimya. Anavishwa, anapewa fimbo mkononi kama za wazee, anapelekwa sokoni, na watu wanamwimbia nyimbo walizokuwa wakiwaimbia wapiganaji waliorudi vitani. Mimi sikuiona, nilipozaliwa ilikuwa imeshakufa. Lakini nikasema haiwezekani ikafia Machame na isifufukie Hopkins. Arvid akachonga fimbo kutoka tawi la mti aliokuwa ameupogoa, akaisugua mpaka ikalainika. Dada wa kanisani wakaleta kitenge kipya. Soko hatuna, lakini tunacho kitalu.

Tukampeleka Aprili, siku ya kufukua mawaridi. Timu nzima ipo, Wameksiko wako pale, Otieno yupo, Byamungu ameomba ruhusa kazini, amembeba Neema. Mapendo akashuka kwenye gari na kitenge chake na fimbo yake, amenawiri, mashavu yamejaa. Dada wa kanisani wakaanza kuimba, Wakongo mnajua wakianza. Vigelegele vikapanda mpaka wateja wakaacha mikokoteni. Mama mmoja mteja, mwenye trei ya maua mikononi, akamsogelea Arvid akamuuliza kwa adabu yao ile, "Samahani, huyu bibi ameshinda nini? Amefanya nini?"

Arvid akavua kofia yake. Akasema, "Amelala."

Mama yule akasubiri aongeze. Hakuongeza.

Mapendo hakuruhusiwa kushika koleo siku ile. Alisimama na fimbo wakati nalifukua lile waridi lake alilopewa na Arvid. Likatoka jeusi kama kawaida yake. Akainama, akalikwangua kwa ukucha, akatuonyesha. Vuli iliyofuata alifukia safu zote mwenyewe, na ndiye aliyewafundisha nusu yenu.

Mengine yote mliyaona. Arvid alistaafu, akahamia kaskazini kwa binti yake, na sasa anavua samaki kwenye tundu la barafu, yaani anakaa juu ya ndoo kutwa nzima bila kufanya kitu, na huku wanauita huo ni mchezo. Otieno alihitimu, ni mtu wa kompyuta. Nami Oktoba hii nikafukia safu yangu ya mwisho, nikapangusa koleo.

Mnadhani nikalala? Thubutu! Novemba yote niliamka giza kama kawaida. Nikapika uji wa watu ambao wako kazini. Nikafagia theluji ya ngazi za jengo mpaka mtunza jengo akamlalamikia Godi kwamba mama yake anamnyang'anya kazi. Goti limevimba kama boga. Godi akisema, simsikii. Nikikaa tu nasikia ile nyumba ya Machame, nyumba ya mtu aliyefiwa, inaniuliza kwa nini nimekaa.

Jumamosi iliyopita mlango ukagongwa. Mapendo, kutoka Richfield wanakoishi siku hizi, na sufuria ya mtori. Ameutia mawese, mtori wangu! Nikafungua mdomo nimgombeze, akaniambia, "Mama, kula. Ukiwa umeketi." Nikaketi. Nikiwa nakula nikamwona anachukua buti zangu kwenye sinia, anazitia kwenye mfuko wake. Kisha akatoa ile fimbo ya Arvid, akaitundika nyuma ya mlango wangu.

"Hii utaishika Aprili," akasema. "Mbele ya Aprili sitaki kukuona kwenye theluji."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia ukweli, kwamba nikilala nasikia nyumba imebaki tupu. Hakubishana nami. Akamgeukia Neema, mtoto wa miaka mitano, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kunijibu kila siku kwa Kiingereza, akamnong'oneza kitu. Yule mtoto akaenda kwenye sinia, akavaa vibuti vyake vya rangi ya waridi, kushoto kulia, kulia kushoto. Akavaa koti, akapandisha zipu hadi kidevuni. Akavuta kiti cha jikoni kwa kelele hadi mlangoni, akapanda, miguu ikaning'inia.

"Lala, Bibi," akaniambia. "Niko macho."

Nikavua kandambili zangu, nikazipanga kwenye sinia, nikaenda kitandani.